Ya Zamani na Mpya Katika Furushi Moja

Mimi ni mtu wa kufungua mzigo mara tatu kabla sijatoka nyumbani. Naufunga, nafika mlangoni, narudi. Naufungua kuona kama kitambulisho kimo, nakikuta, naufunga tena. Nikifika barabarani nasimama kando na kuupapasa kwa nje, kwa sababu kuona peke yake hakunitoshi. Dada zangu wamenicheka kwa tabia hii tangu utotoni, na mmoja wao husema kwamba siku nikizikwa nitaomba ruhusa nitoke kwenye jeneza nikahakikishe jiko limezimwa. Nacheka nao, lakini njiani nikirudi kwangu huwa nafikiria jiko.

Na kazi niliyoipata ukubwani, kwa bahati nzuri au mbaya, ni ya kufunga mizigo. Si ya magunia. Natengeneza programu za kompyuta hapa Kitui mjini, na kila programu ina hatua ya mwisho ambayo watu wengi hawaijui: kukusanya vipande vyake vyote, kuvifunga katika faili moja, na kulipeleka faili hilo kwenye seva, ile kompyuta isiyozimwa ambayo wengine wanaifikia kupitia simu zao. Faili lenyewe tunaliita furushi. Ndani yake mna kurasa ambazo watu wataziona, mna maagizo niliyoyaandika mimi, na mna vipande vilivyoandikwa na watu wa mbali nisiowajua, ambavyo navichukua na kuvitumia tu, kama seremala anavyonunua bawaba badala ya kuzifua mwenyewe. Seva ikipokea furushi, inalifungua, inapanga kila kitu mahali pake na kuanza kazi. Haiulizi swali hata moja. Kilichomo itakitumia, na kisichomo itakikosa.

Kwa hiyo hakuna furushi ninalolifunga mara moja. Nalifunga, nalifungua nitazame ndani, nalifunga upya. Wenzangu wa fani hii wanatuma furushi huku wanakunywa chai. Mimi chai hunipoa mezani.

Nilizaliwa upande wa Kyuso, nako huko mvua si kitu cha kutegemea. Mama analima ndengu, zile choroko za kijani. Karibu kila msimu, wakati wa kungoja mvua za mwezi wa kumi, kulikuwa na mtu wa kumletea mbegu mpya: mara afisa wa kilimo, mara kikundi cha kanisa, mara jirani aliyetoka safari. Mama alipokea kwa heshima, akashukuru, akapanda. Lakini mbegu ya zamani hakuila, hakuiuza, wala hakumpa mtu, mpaka aione ile mpya imetoa maua na kufunga maganda kwa macho yake. Alikuwa na vibuyu viwili chini ya kitanda, kimoja amekifunga kitambaa chekundu shingoni, nami nilidhani ni urembo tu. Mwaka mmoja mbegu mpya ilichipua vizuri kuliko zote tulizowahi kuona, ikarefuka, ikanyauka kabla ya kuweka hata ganda moja. Majirani walikuja kwetu na bakuli, na mama akaingia chini ya kitanda. Nilikuwa mdogo, nimesimama mlangoni, na somo liliniingia hadi kwenye mifupa: usitupe cha zamani kabla kipya hakijajionyesha.

Nimeishi kwa somo hilo. Simu yangu ya zamani ninayo. Viatu vya zamani ninavyo. Na ndilo somo lililonifikisha kwenye siku ninayotaka kuisimulia.

Mradi wetu ni mdogo: chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mimi, mkuu wangu, na seva inayonguruma kwenye kona. Mkuu wangu ni mfamasia mstaafu. Wazazi wake walikuja kutoka kaskazini mashariki na mifugo yao, wakafungua duka Kyuso, akakulia hapo, na leo Kikamba chake ni safi kuliko changu. Swala zake hazimpiti, na haamini kompyuta hata kidogo. Ana daftari kubwa la jalada gumu analoandika kila kitu kwa kalamu, na nilipokuwa mgeni pale nililiona kama kichekesho.

Kazi ya mfumo wetu ni moja. Dawa ya sumu ya nyoka ni adimu, inataka kukaa kwenye friji, na inapitwa na tarehe upesi. Zahanati nyingi za Kitui na Makueni hazina hata kichupa kimoja, nyingine zina vitatu, na zamani hakuna aliyejua nani anacho. Mtu akiumwa na nyoka alibebwa kutoka mlango hadi mlango akiuliza. Sasa kila nesi, kuanzia Kyuso hadi Kikima, anaandika kwenye simu yake vichupa alivyonavyo na tarehe ya kuharibika, na nesi mwenye mgonjwa anafungua orodha na kuona mahali pa karibu penye dawa. Nilipowafundisha kuutumia niliwaambia neno moja ambalo hadi leo nikilikumbuka nafumba macho. Niliwaambia: dawa ikipitwa na tarehe, itoeni kwenye friji tu, msisumbuke kuifuta kwenye simu, mfumo utaiondoa wenyewe.

Kulikuwa na kero moja tu. Kipande kilichosoma tarehe, kimoja kati ya vile vilivyoandikwa na watu wa mbali, kilitaka mwezi uandikwe kwanza, halafu siku. Manesi walizoea siku kwanza, kama sote tulivyofundishwa shuleni, na walichoka kuandika kinyume. Likatoka toleo jipya la kipande hicho, lenye kusoma siku kwanza. Nilifurahi. Nikageuza tarehe zote zilizokuwa zimehifadhiwa, nikaleta kipande kipya, nikakiweka kwenye furushi.

Na cha zamani? Nilikiona pale. Majina yao yalifanana isipokuwa namba ya mwisho, kwa hiyo kipya hakikumfuta mwenzake, vilikaa bega kwa bega kwenye kabrasha moja. Nakumbuka vizuri kabisa kwamba nilikitazama. Nilijua kwamba mahali pake si pale tena. Lakini ndani yangu kuna yule mtoto wa mlangoni, naye alisema, ngoja kwanza, kipya kikinyauka utakimbilia wapi? Nikakiacha. Nilijisikia mwenye busara.

Nikajaribu kila kitu kwenye laptopu yangu. Tarehe zilisomeka sawasawa. Nikafunga furushi, nikalifungua, nikalifunga, nikalipeleka kwenye seva siku ya Jumatano kabla ya chakula cha mchana. Seva ilinyamaza kidogo, ikanguruma, ikaamka. Orodha ikatokea kwenye simu yangu. Niliipitisha macho, na kuna kitu kilinikuna: ilionekana fupi kuliko jana yake. Nikajiambia kwamba ni zile dawa zilizopitwa na tarehe ndizo zimeondoka, tuko mwezi wa kwanza, mwaka mpya umeanza, ni kawaida. Niliona pia zahanati moja upande wa Kanyangi ina vichupa vitatu, vizuri. Nikaenda kula, na sikumaliza sahani. Mkuu wangu aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia ni joto.

Sijui niseme nini kuhusu wasiwasi wangu. Unanisumbua kila siku kwa mambo ya bure, na siku ile moja ulipokuwa na sababu, niliuambia ukae chini.

Alhamisi asubuhi, saa nne hivi, simu iliita. Alikuwa nesi wa ile zahanati ya upande wa Kanyangi, mama mmoja mchapakazi ambaye kwa kawaida huanza kwa kuuliza habari za nyumbani.

"Madam, niko na mgonjwa hapa," alisema. "Ameumwa na nyoka, kifutu, mkononi akivuna ndengu. Ametumwa kwangu na dispensary ingine. Wamesema list inaonyesha niko na dawa. Madam, mimi sina dawa."

"Una vichupa vitatu," nilisema. Nilikuwa tayari nimefungua orodha, na ilisema vitatu.

"Vilikuwa vitatu. Vili-expire tarehe mbili, nikavitoa kwa fridge. Si wewe ulituambia system itavitoa yenyewe?"

Nilitazama kwenye orodha. Vichupa vitatu, mwisho wa kutumika: tarehe moja mwezi wa pili. Nilikitazama kioo cha laptopu mpaka nikaelewa. Tarehe mbili mwezi wa kwanza ilikuwa imesomwa kinyume. Dawa iliyokufa ilikuwa imefufuka na kupewa mwezi mzima wa kuishi.

"Anaendeleaje?" niliuliza.

"Mkono umefura mpaka kwa kiwiko. Analia. Walimfunga na kitambaa, nimekata. Madam, nimpeleke wapi?"

Hilo swali ndilo mfumo wetu uliundwa kulijibu, na mimi ndiye niliyeuunda. Nilichokuwa nacho ni orodha ambayo sikuweza kuamini mstari wake hata mmoja. Nilianza kulia, kwa sauti, kama mtoto. Sioni haya kulisema.

Mkuu wangu alinyanyuka, akachukua simu mkononi mwangu. "Sister, ni mimi," alimwambia nesi. "Nipe dakika mbili." Kisha akaniangalia. "Kompyuta baadaye. Futa machozi, niletee daftari."

Lile daftari la kichekesho. Alipitisha kidole kwenye ukurasa, akapiga simu hospitali moja hapa mjini, akauliza kwa Kikamba, akasubiri mtu aende mpaka kwenye friji na kurudi. Dawa ilikuwepo. Akamwambia nesi amtoe mgonjwa mara moja, aulaze mkono usichezeshwe, waje Kitui. Hapo ndipo nesi alipotaja njia waliyokuja nayo, mkuu wangu akairudia kwa sauti, nami nikajua vyote. Ile zahanati ya kwanza iko katikati, kati ya Kanyangi na mji. Wangeweza kuja mjini moja kwa moja. Kwa sababu ya orodha yangu, yule mwanamke alipanda pikipiki akapelekwa kinyume, na sasa alikuwa anarudishwa njia ile ile kwa vumbi lile lile.

"Sumu ya kifutu haina haraka ya kuua," mkuu wangu alisema, akijaribu kunituliza. "Ina haraka ya kula nyama." Hakunituliza.

Kifutu ni yule nyoka mnene wa madoa ambaye hakimbii mtu, analala tu chini ya majani mpaka mkono wako umguse. Kila mvunaji wa ndengu anamjua. Mama yangu huvuna akiwa na fimbo.

Mkuu wangu alianza kupiga simu zahanati zote, moja baada ya nyingine, akiwaambia wasiiamini orodha, wampigie yeye. Mimi nilirudi mezani. Nililifungua furushi, na vile vipande viwili vilikuwa pale, cha zamani na kipya, bega kwa bega. Kwenye laptopu yangu kipya kilikuwa kimetangulia kusomwa. Kwenye seva kilitangulia cha zamani. Hakuna sheria ya kipi kianze, kila mashine inachukua kile inachokutana nacho kwanza. Tarehe ndogo zote zilikuwa zimegeuzwa, na zile za kuzidi kumi na mbili, kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini, zilitupwa nje kimya kimya pamoja na dawa zake. Ndiyo maana orodha ilikuwa fupi. Hospitali ya mjini, yenye dawa nzima kabisa, haikuwemo.

Nilikifuta kipande cha zamani. Ni kazi ya kubonyeza mara moja. Halafu nikafunga furushi upya, na hapo nikakwama. Nililifungua kutazama. Nikalifunga. Nikajiuliza kama nimefuta kile chenyewe au nimefuta kipya kwa makosa. Nikalifungua tena. Mwanamke yuko barabarani na mkono wake, na mimi nafungua na kufunga. Nilijichukia. Mara ya tatu mkuu wangu, akiwa bado na simu sikioni, aliweka kiganja chake mezani karibu na laptopu. Nikalituma.

Seva ikanyamaza, ikanguruma, ikaamka. Orodha ikawa ndefu. Vile vichupa vitatu vya upande wa Kanyangi vilitoweka, na hospitali ya mjini ikarudi mahali pake. Kila kitu kilikuwa sawa sasa, na hakikumsaidia yeye hata chembe.

Nilitembea hadi hospitali, nikasimama getini. Sikujua natafuta nini pale. Kila pikipiki iliyokuja nilidhani ndiyo. Niliomba, na maombi yangu hayakuwa mazuri. Niliomba asife, kisha nikaomba nesi asiseme jina langu, kisha nikaona aibu na kuanza upya. Walipofika niliwajua kwa jinsi dereva alivyokuwa akiendesha, polepole, akikwepa kila shimo. Mwanamke alikuwa katikati, mtu wa umri wa mama yangu, na nyuma yake mkaza mwanawe amemkumbatia ili asianguke. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani, umevimba, unang'aa, vidole vimekuwa vyeusi kwenye ncha. Mguu mmoja haukuwa na ndala. Alinipita karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa, na macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuniona. Nilirudi ofisini.

Hakufa. Alipata dawa, sumu ikasimama, na kila asubuhi kwa siku nyingi nilimpigia nesi mmoja wa wodi kuuliza habari za mkono. Leo uvimbe umeshuka. Leo kidole cha mwisho kimerudisha rangi. Leo daktari hajaridhika na viwili vya katikati. Niliacha kula vizuri, na nilipolala niliota makabrasha. Siku waliyovikata vile vidole viwili, nesi wa wodi alinieleza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa, akaongeza kwamba ni bahati, wengine hupoteza mkono mzima. Nilimshukuru. Nilikaa kwenye choo cha ofisi muda mrefu.

Mkuu wangu aliwaandikia manesi wote barua kuwaeleza kilichotokea. Aliandika "kosa letu." Nilimwomba aandike "kosa la mtengenezaji." Alikataa, akasema mradi ni mmoja. Kisha, akiwa bado anaangalia karatasi, akasema, "Lakini kwa yule mama utaenda mwenyewe. Na si kwa simu."

Nilienda baada ya yeye kuruhusiwa kurudi nyumbani. Nesi wa Kanyangi alinielekeza. Nilibeba sukari, majani ya chai, unga na sabuni, na kabla ya kuondoka niliufungua ule mfuko mara tatu.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha mbao kando ya turubai, ndengu zimeanikwa mbele yake, na mkaza mwana akipepeta. Mkono ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe, umelazwa kifuani. Nilimwita mwaitu, kama ninavyomwita mama yangu, nikamsalimu, nikasema natoka kwenye ule mradi wa dawa ya nyoka. Uso wake ulifunguka wote.

"Nyinyi ndio watu wa kompyuta!" alisema. "Karibu, mwiitu, binti yangu. Keti. Mletee kiti, huyu ni mgeni wa maana." Akamwangalia mkaza mwanawe kuhakikisha amesikia. "Jumapili nimetoa ushuhuda kanisani. Nimewaambia, kama si hao watu, ningekuwa nimezikwa hapo nyuma ya nyumba. Tumewaombea, kanisa lote limesimama."

Ningependa kusema kwamba nilimjibu papo hapo. Sikumjibu. Nilikunywa chai aliyoniletea, nikajibu habari za kwetu, za mvua ya Kyuso, za mama yangu. Kanisa zima lilikuwa limesimama kwa ajili yangu. Ningeweza kumaliza kikombe, kuaga, na kwenda nikiwa mtu wa kuombewa maisha yangu yote, na hakuna ambaye angejua ila mkuu wangu, na yeye hasemi ovyo. Nilikiweka kikombe chini.

"Mwaitu," nilisema, "ni mimi niliyekutuma kule Kanyangi."

Hakuelewa. Nikamwambia kwamba dawa ilikuwa mjini, kwamba orodha ilidanganya, na kwamba orodha niliitengeneza mimi kwa mikono yangu. Kwamba asingepelekwa kinyume, angefika hospitali mapema, na labda vidole vingekuwepo. Mkaza mwana aliacha kupepeta. Mama yule aliutazama mkono wake, si mimi, na nilisikia kuku wakidonoa kwenye ukingo wa turubai.

"Ilidanganya namna gani?" aliuliza hatimaye. Sauti haikuwa ile ya kwanza.

Sikuwa na njia ya kumweleza kuhusu seva. Nikatafuta nilichokuwa nacho. Nilimwambia: ni kama mbegu. Nilipata mpya, nzuri. Ya zamani sikutaka kuitupa, nikaogopa mpya ikikataa. Nikaziweka zote kwenye furushi moja. Na ile mashine ilipoingiza mkono, ikatoa ya zamani.

Aliinua macho. Alinitazama kwa ukali, kama mama yangu alivyonitazama nilipokuwa nimeachilia mbuzi waingie shambani.

"Pamoja?" alisema. "Chombo kimoja?"

"Ndiyo."

"Ya zamani na mpya, chombo kimoja? Ati! Nani alikufunza hivyo? Wewe si wa Kyuso? Mamako anaweka hivyo?" Alimgeukia mkaza mwanawe kana kwamba anatafuta shahidi. "Hata mtoto anajua. Ya zamani haitupwi, hiyo ni sawa. Lakini inakaa peke yake, na unaiwekea alama, usije ukashika hii ukidhani ni ile."

Kitambaa chekundu. Nilikiona mbele yangu kama ningeweza kukigusa, shingoni mwa kibuyu kimoja, chini ya kitanda cha mama. Vibuyu viwili. Miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba nusu ya somo, ile nusu iliyomfaa mtoto mwoga, na nusu nyingine nikaiita urembo.

Nilisema pole, na nikasema tena, na neno lenyewe lilikuwa dogo mno kwa kazi niliyolipa. Yeye hakusema amenisamehe. Hakusema pia kwamba niondoke. Aliniuliza kama sasa nimeitoa ile ya zamani, nikasema nimeitoa. Akauliza kama nimehakikisha. Nikasema mara tatu. Akatikisa kichwa kidogo, hivyo hivyo, akamwita mkaza mwana, wakasemezana kwa sauti ya chini, na yule akaingia ndani.

Alirudi na ndengu katika mifuko miwili midogo ya karatasi ngumu, na kamba za katani. Mama yule aliionyesha kwa kidevu. "Hii ni ya msimu uliopita. Hii ni ya juzi, ile nilikuwa navuna. Umpelekee mamako, aone kama itakubali kwao. Weka mbalimbali."

Nikasema asante, nikangoja azifunge. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini hazifungi. Alikuwa ameukunja mdomo wa mfuko wa kwanza na kuubana kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia ameusogeza karibu kwa mazoea, kitambaa cheupe na vidole vitatu, ukasimama hewani juu ya kamba.

"Funga wewe," alisema.

Nilifunga wa kwanza, nikafunga wa pili. Nilitaka kuifungua nitazame ndani, mikono yenyewe iliniwasha, lakini yeye alikuwa bado ameubana mdomo wa mfuko wa pili, akinitazama, na sikuifungua.